Ngao ya Bwana wa Hrabina

Nikopesheni masikio, nitayarudisha yakiwa na kazi ya kufanya.

Katika mji wa Hrabina, nchini Slovakia, karibu na mpaka wa Hungaria, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu, na vipaji vyote vilikuwa vinaota kutu.

Wa kwanza ni Zdenka, Mslovaki. Kipaji chake kilikuwa kusoma maandishi ya wafu. Kilatini cha makaburini alikisoma kama menyu ya mgahawa. Alikuwa na digrii ya historia, na digrii hiyo ilimpatia chumba cha nyuma kwa mama yake, ambako kila asubuhi aliulizwa, "Wamejibu?" Walikuwa wamejibu. Jibu ni lilelile: wote mnastahili, tutakupigia.

Wa pili ni Gergely, Mhungaria. Yeye alijua kupanda. Mnara, paa, ukuta mtupu, alipanda kama paka aliyekosana na mbwa. Lakini siku hizi mafundi hukodi kreni, na kreni haidai chakula cha mchana.

Wa tatu ni Terka, bibi wa mikono. Picha iliyozama katika masizi aliibembeleza mpaka sura ikachungulia. Zdenka alimwita teta, Gergely alimwita néni, kila mmoja akisema "shangazi" kwa lugha ya kwao, naye aliitikia kote. Ukimwuliza yeye ni kabila gani, alisema, "Inategemea umenikuta nasali au umenikanyaga. Nasali Kislovaki. Natukana Kihungaria."

Baraza la mji likakarabati jumba la mabwana wa kale, likatangaza: atakayeleta ngao ya mazishi ya bwana wa mwisho, yaani ubao wa nembo ya ukoo uliotundikwa alipozikwa, atakuwa mtunza jumba. Mshahara, chumba cha kulala, na ufunguo mkononi. Zdenka alipolisikia tangazo hilo hakulala.

Juu ya ukuta wa kanisa kuukuu palining'inia ubao mweusi wenye ndege aliyeelekeza miguu mbinguni. Watu waliuita Kosa la Seremala. Kila padri aliyekuja aliapa kuugeuza, akahamishwa kabla ya kupata ngazi. Zdenka akautazama, akakumbuka alichosoma. Mwanamume wa mwisho wa ukoo wa kibwana alipokufa, ngao yake iligeuzwa kichwa chini, ulimwengu ujue ukoo umezimika. "Jamani, hilo si kosa," alisema. "Ni tanzia! Bwana wa mwisho ndiye yule pale."

Lakini kujua si kushusha. Maboriti yalikuwa yameoza, na hakuna aliyethubutu kuegemeza ngazi. Gergely akavua viatu, akapanda. Alipofungua fundo la mwisho, boriti ikalia kwaa! Akaukumbatia ubao kwa mkono mmoja, akateleza na kamba ya kengele mpaka chini, kiganja kikachunika chote.

"Istenem!" aliguta. "Mungu wangu! Bwana huyu amenona hata akiwa ubao!"

Na kushusha nako si kuona. Walichokuwa nacho ni kuni. Terka akachukua pamba, akailowesha kwa mate, maana mate hula masizi bila kula rangi, akasugua polepole mpaka ulimi ukamkauka. Akatokea kunguru wa kijani. Yakatokea maneno. Juu, kwa Kilatini: Mtukufu wa Ufalme wa Hungaria. Katikati, sala kwa Kislovaki. Chini, kwaheri ya mkewe, kwa Kihungaria.

Basi wakaupeleka barazani, na moto ukawaka.

"Sala ni ya Kislovaki!" alisema mwenyekiti. "Mtu husali kwa lugha ya damu yake. Huyu ni wetu, na mtunzaji awe wetu. Zdenka, binti yangu, tamka neno hilo tu, uchukue ufunguo."

"Na mkewe alimlilia kwa lugha ya jirani?" alifoka diwani Mhungaria. "Huyu ni wetu! Gergely, mwanangu, sema!"

Zdenka aliutazama ufunguo. Neno moja tu. Alimwona mama yake mlangoni asubuhi, na jibu jipya. Lakini alikuwa amesoma, na kusoma kuna laana yake: alijua kwamba enzi hizo, Slovakia ikiwa chini ya mfalme wa Hungaria, kuwa mtukufu wa Hungaria kulikuwa cheo mbele ya mfalme, si lugha ya mama. Ndugu wa bwana walikuwa mabwana wenzake.

"Preboha, waheshimiwa!" alilipuka. "Kwa ajili ya Mungu! Aliwalimisha mababu zetu na mababu wa Gergely, na kiboko chake hakikuuliza mtu analia kwa lugha gani. Hakufanya kazi hata siku moja, leo mataifa mawili yanamgombania. Mimi nina taifa moja, na halijanipa hata ufagio!"

"Umejinyima mwenyewe," mwenyekiti akasema.

"Gergely?" aliuliza diwani.

"Mimi nilimbeba tu, mheshimiwa. Alikuwa mzito."

Watu wakacheka, Zdenka hakucheka. Alimgeukia mwenzake. "Usijifanye mnyenyekevu, kaka. Bila macho yangu, hiyo ingekuwa Kosa la Seremala mpaka leo."

"Na bila kiganja hiki, dada, ungeitazama mpaka shingo ikupinde."

"Na bila mate yangu," alisema Terka, "mngekuwa mnagombania kuni. Mimi nina baridi ya mifupa. Chumba kile kina jiko. Au mlidhani wazee hatutafuti kazi?"

Wakapiga kura. Waslovaki upande huu, Wahungaria upande ule, sawa kwa sawa, na Terka hakupata hata moja, kwa kuwa hakuna aliyejua ahesabiwe kwa nani. Ufunguo ukabaki mezani.

Sasa ni zamu yenu. Msiniambie wagawane: mshahara ni mmoja, kitanda ni kimoja. Msiniambie wote wanastahili. Sentensi hiyo Zdenka anayo katika barua tele. Aliyeitambua, aliyeishusha, aliyeifumbua: Je, wewe ungemkabidhi nani? Taja jina. Kabila hatujakuuliza.