Tanga la Zimwi

Sogeeni karibu. Wapenda umbea mbele, na wanaojidai hawaupendi nao waje.

Zimwi lilikalia chemchemi ya kijiji, maji yakakatika. Jumbe akaenda akaliamuru, "Ondoka." Likaanza, "Mama yangu..." Jumbe akaondoka zake. Akaenda mganga na ubani. "Mama yangu..." Mganga akalikatiza kwa kisomo.

Wa tatu akaenda bibi yangu Mize, mbeya hodari, kwa kuwa mimi mjukuu wake nilikuwa nafa kwa kiu. Akatandika mkeka.

"Mama yako kafanyaje, mwanangu?"

"Kafa."

"Ehee. Ilikuwaje?"

Zimwi lilisimulia siku tatu, kwa sauti kama mawe yanayosagana. Mara mia bibi alitaka kudakia, mara mia akauma ulimi, akasema tu, "Ehee." Lilipofika kwenye mazishi likalia, naye akalia.

"Nani alikuja kukaa nawe matanga?"

"Wewe tu."

Bibi akakunja mkeka. "Basi tumeanua tanga. Inuka ukaoge."

Likainuka, maji yakabubujika.

Kijiji kizima kikamuuliza zimwi lilisema nini. Bibi hakusema zaidi ya haya niliyowaambia. Hata mimi nilimbembeleza mpaka anazikwa. Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye masikio aibebe.