Kitufe, Kitufe, Kitufe

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme bali hii ya juzi tu, palikuwa na mji wenye sheria nzuri. Sheria ilisema kwamba huduma yoyote ya kwenye simu, asiyeona aitumie sawa na anayeona. Ikapigiwa makofi, ikafungiwa kabatini.

Mjini humo aliishi Bi Mize, mjane asiyeona, mwenye nyumba ya vyumba viwili. Simu yake humsomea kila andiko kwa sauti. Ofisi ya Viwanja ikatangaza kwamba kila mtu athibitishe kiwanja chake kwenye simu, na namba yake ya siri asimpe mtu.

Bi Mize akafungua. Simu ikasema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vitufe vilipewa rangi, majina ya kusomwa na simu havikupewa. Akarudia, nayo ikarudia. Siku ya mwisho akabonyeza cha katikati. Kumbe ni cha kukikana kiwanja. Wiki haikuisha, mtu mwingine akaja na matofali yake.

Bi Mize akashtaki. Baraza likasema mwenye kosa atampa Bi Mize kiwanja chake yeye mwenyewe. Wakaitwa watatu.

Haroub, fundi wa programu, akasema, "Nilijua havina majina. Niliambiwa tuzindue kwanza, majina baadaye. Nikamwachia mkaguzi."

Bi Zuwena, mkaguzi, akasema, "Sheria inataka asiyeona mmoja aijaribu, kisha aweke dole gumba. Dole gumba hili hapa."

Lilikuwa la Mzee Machano, mwenyekiti wa wasioona. Akasema, "Siku ya uzinduzi nilikalishwa mbele, na waheshimiwa. Nikasikia kitufe, kitufe, kitufe. Nikadhani mjinga ni mimi. Ningesemaje mbele ya ukumbi mzima kwamba mwenyekiti hajui simu? Nisamehe, mwanangu."

Baraza likaandika hukumu, likataja jina la mmoja. Karatasi ikapigwa picha, akatumiwa Bi Mize kwa simu, akubali ndani ya siku saba au haki yake ifutike. Alikuwa amejihifadhi kwa jirani. Simu, isiyosoma maandishi yaliyo ndani ya picha, ikasema, "Picha." Akadhani ni zile picha za salamu za Ijumaa wanazotumiana watu, akaifunga. Siku ya nane ikapita kama siku nyingine. Mimi hili linaniuma mpaka leo.

Sasa semeni nyinyi wenye macho. Karatasi ile ilistahili kuandikwa jina la nani? Na hao wa baraza, je, viwanja vyao viko wapi?