Kofi la Bi Harusi

"Mpiga mbu hujipiga, mmwaga maji humpiga." Jana bibi yenu Chausiku, mdogo wangu, aliwakuta barazani kwenu mkijizaba miguu, akawaambia hivyo akapita zake. Mlidhani anawatania, na leo mmekuja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Halikutoka kwa wahenga wa mbali, wajukuu zangu. Lilianzia hapahapa Pangani, uani kwa mama yetu, Bi Riziki, na shavu lililolizaa ni hili mnalolitazama.

Mimi ndiye niliyeolewa kwanza. Kwetu bi harusi alipakwa hina uani, mahali palepale alipopakwa mama yake na bibi yake. Ukishapakwa viganja na nyayo, kazi yako ni kutulia tuli mpaka ikauke. Nikatulia. Magharibi ilipoingia mbu wakaja, mmoja akanitulia shavuni, akachagua mahali patamu, akadunga. Uvumilivu ukanishinda, nikajizaba kofi. Shangazi zangu walikuwa wanaimba, hakuna aliyeona. Walipokuja kunifuta, rangi ilikuwa imeshashika.

Kesho yake upande wa bwana walinifunua shela, wakakuta vidole vitano vyekundu shavuni. Nani angesadiki habari za mbu? Mji mzima ulisema nimezabwa kofi ndipo nikakubali mume. Nyumba yetu ikaitwa Nyumba ya Kofi, na mama, ambaye hakuwahi kutuinulia mkono, akawa hapiti sokoni bila kusikia kicheko nyuma yake. Lilimuuma sana jambo hilo, nami nikaumia kwa uchungu wake.

Ikafika zamu ya Chausiku. Mamamkwe wake mtarajiwa, Bi Shinuna, akatuma neno la upole lenye pilipili ndani: "Hina ipakwe kwangu. Huko kwenu kuna makofi." Mama akajibu kuwa binti zake hupakwa hina uani kwake. Alijibu kwa kujikaza tu, maana alijua jina likichafuka mara ya pili halitasafika tena.

Basi tukapigana na mbu. Tulichoma makumbi ya nazi mpaka macho yakatuvimba. Moshi ulipoisha, mbu wakarudi. Tukazabana migongo kama watu wenye ugomvi. Huku maandalizi yanaendelea. Maji ya bomba siku zile yalikuja kwa kubahatisha, na karamu ni maji, kwa hiyo mama alianza mapema kujaza kila chombo: mapipa, mitungi, masufuria ya kuazima, hata beseni la kuogeshea watoto. Vifuu vya nazi tulivitupa nyuma ya jiko, navyo vikajaa mvua.

Harusi ilikuwa imebakiza kama wiki tatu Chausiku alipochota maji mtungini kwa kata, akampelekea mama.

"Mama, tazama. Hivi vinavyocheza humu ni nini?"

"Viluwiluwi tu. Hayo ni ya kuoshea vyombo, si ya kunywa."

"Juzi nilivitia kwenye gilasi nikaifunika kitambaa. Leo asubuhi nimekuta mbu ndani, wanatafuta pa kutokea."

Mama akaichukua kata, akaisogeza karibu na macho.

"Hawa mbu hawajatuvamia, mama. Tunawafuga wenyewe, kama kuku wa karamu."

"Kwa hiyo unataka nimwage maji ya harusi? Wageni wakikosa maji tutaitwaje?"

"Tumeshaitwa. Mengine tutateka kisimani siku yenyewe ikikaribia. Haya yamwage, mama, nisije nikajizaba na mimi."

Mama alilitazama shavu langu. Kisha akauinamisha mtungi wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, maji yakatawanyika mchangani yakanywewa.

Siku hiyo tulimwaga mpaka viuno vikatuuma. Vifuu tulivianika, vikawa kuni. Mapipa mawili tuliyoyabakiza tuliyafunga midomo kwa kanga. Birika la maji lililojengwa uani halikumwagika, tukatia visamaki kutoka kwenye mifereji ya mpunga, vikala viluwiluwi mpaka vikanenepa. Kisha mama akaingia nyua za majirani, akiomba kwanza na kumwaga baadaye. Kwa wengine alimwaga kwanza.

Jioni ya hina magharibi ikaingia, sote tumekaa masikio wazi. Alipita mbu mmoja, sijui alitoka wapi, akaenda zake. Wengine hawakuja. Chausiku alikaa ametandaza viganja mpaka hina ikakauka na kuanza kubanduka yenyewe, na mama akawa analia huku anaimba.

Kesho yake Bi Shinuna alifika kabla ya wote. Akafunua shela, akageuza shavu la kulia, akageuza la kushoto, akakagua viganja. Maua yalikuwa yametimia mpaka ncha za vidole.

"Na mbu wenu mwaka huu wako wapi?" akauliza.

"Hawakualikwa," mama akasema.

Bi Shinuna alicheka mpaka akakaa chini, na kigelegele cha kwanza siku ile kilikuwa chake. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe kuomba binti yake apakwe hina uani kwetu. Jina la Nyumba ya Kofi likafa, na mama akapita sokoni katikati ya njia.

Nanyi mkifika kwenu, kabla ya kujizaba tena, tazameni nyuma ya jiko. Watu walipomuuliza mama alitumia dawa gani, alilishika kwanza shavu langu hili, kisha akaonyesha mtungi ulioinamishwa, akasema: mpiga mbu hujipiga, mmwaga maji humpiga.