Harufu ya Klorini

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaisikia tangu utotoni, tunaitikia kwa kichwa, kisha kila mmoja humwazia jirani yake. Mirembe naye aliitikia, tena kwa sauti kuliko wanawake wote, akiwa ameketi mstari wa mbele siku mwalimu wa afya alipokuja kuwafundisha.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu amani itiwe saini. Juba ilikuwa imefurika watu waliorudi kutoka makambini na wengine waliofuata riziki, miongoni mwao Mirembe na mumewe Mugisha, Waganda waliofungua mkahawa wa mabati nje ya mtaa wa Munuki, pale nyumba zinapokwisha na nyasi kuanza. Nyuma ya mkahawa kulikuwa na khor, mkondo uliokauka kiangazi na kufurika wakati wa mvua. Chini kidogo, kando ya khor hiyo, palikuwa na kisima cha kuchimba kwa mikono ambacho majirani wasio na uwezo wa kununua maji ya lori walikitegemea.

Kipindupindu kilipoingia, hofu iliingia nacho. Nyumba iliyopata mgonjwa ilipuliziwa klorini, na harufu yake ilikaa hewani kama tangazo. Watu walipoinusa walivuka barabara. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chapati ng'ambo ya khor alipuliziwa jikoni mara moja tu. Wateja wakamkimbia kama mkoma, naye akapanda lori kurudi kwao Arua, Uganda, mikono mitupu. Mirembe aliyaona hayo kwa macho yake, na tangu siku hiyo aliiogopa harufu ile kuliko ugonjwa wenyewe.

Si kwamba alikuwa mchafu, la hasha. Mwalimu yule wa afya, Mkenya aliyeitwa Awino, muuguzi wa shirika moja lenye ofisi mtaa wa Thongpiny, aliufanya mkahawa wake kuwa mfano. Aliwaleta wanawake wa vijiji vya jirani waone ndoo yenye bomba, sabuni iliyofungwa kwa kamba, choo chenye mfuniko na chupa ya klorini rafuni. Walimwita Mama Usafi, naye sifa zikamvimbisha kichwa.

Asubuhi moja Mugisha alirudi kutoka chooni akishika ukuta. Hakufika kitandani kabla ya kujichafua tena, na kilichomtoka kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Mirembe hakuhitaji mtu wa kumwambia. Alikuwa ameisikia dalili hiyo kwa Awino na kuirudia yeye mwenyewe mbele ya wanawake wengine. Lakini jambo la kwanza aliloliwaza si hema la wagonjwa lililokuwa mwendo mfupi kutoka pale. Aliwaza harufu ya klorini mlangoni pake.

"Iko maleria," aliwaambia wateja waliomuulizia mumewe. Nani anayeaibika kwa malaria?

Alimchukua binti yao Pearl, mtoto wa chekechea, akampeleka kwa rafiki yake Nyaruot, mjane aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na wanawe wawili. "Kaa na yeye kidogo, dada. Baba yake iko na maleria, mimi nachoka."

"Mafi mushkila, hakuna shida," alijibu Nyaruot, akimbeba Pearl mgongoni papo hapo. "Mtoto wako ni wangu. Nenda uangalie mzee."

Mirembe alirudi ametulia, akiamini amemweka mwanawe mbali na hatari. Alimwita mwenye duka la dawa, akaja kutundika chupa ya dripu kwenye msumari chumbani bila maswali. Yakabaki mashuka. Awino alikuwa amewafundisha kuloweka nguo za mgonjwa katika klorini, na maji yake kuyamwaga chooni. Mirembe aliifungua ile chupa ya rafuni. Harufu ilipompanda puani, aliifunga upesi. Kufika chooni ilibidi apite katikati ya wateja. Basi akayafua mashuka kwa sabuni ya unga yenye marashi, na maji akayamwaga nyuma ya jiko, ndani ya khor.

Siku iliyofuata Awino alipita. Alinawa mikono, akaketi, akatupa macho kwenye pazia la chumbani.

"Shemeji yuko wapi leo?"

"Iko ndani. Maleria imeshika yeye."

"Anaendesha tumbo?"

"Hapana! Yeye natapika kidogo tu."

Nyuma ya pazia Mugisha alisikia, akauma shuka asigune. Awino alisema kwa upole, "Mama Pearl, hata mwalimu huugua. Kama ni ile kitu ingine, niambie tu. Sitakuchekea."

Neno lilimfika Mirembe kooni. Wakati huohuo mteja mmoja aliinua shingo kusikiliza, na neno likarudi tumboni. "Ni maleria, sista," alisema. Awino alimwachia pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, akaenda zake akigeuka nyuma.

Alasiri mvua ilinyesha. Khor ilijaa maji ya rangi ya udongo yakikimbilia kisimani. Mirembe alisimama mlangoni akiyatazama, na hofu mpya ikamshika, kwa maana Nyaruot alichota maji kisimani mle. Aliinua mguu aende akamwonye. Je, angeulizwa sababu? Akaurudisha mguu ndani, akajidanganya kwamba mvua husafisha kila kitu.

Mugisha alipona. Siku alipoomba uji, Mirembe alicheka hadi machozi yakamtoka, akajifunga leso na kwenda kumchukua mwanawe. Hakufika. Njiani alikutana na Nyaruot akikimbia, Pearl akining'inia mgongoni, shingo imelegea.

"Tangu alfajiri anaendesha maji tu!" Nyaruot alilia. "Nikasema ni maleria ya baba yake imemshika. Nimempa vidonge vya maleria, nikangoja ishuke. Haishuki, dada!"

Mirembe alimnyakua mtoto. Mikono yake ilikuwa baridi, macho yamezama. Kwenye hema la wagonjwa, Awino, aliyekuwa zamu, alitafuta mshipa wa dripu mkono huu, akatafuta mkono ule, akatafuta mguuni. Midomo ya Pearl ilitikisika kuomba maji, kisha ikatulia.

"Mbona hamkumleta asubuhi?" Awino aliuliza, sauti ikimkatika.

Nyaruot alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Nilijua ni maleria. Mama yake ndiye alisema."

Wapuliziaji waliufikia mkahawa kabla ya mazishi. Harufu aliyoikimbia Mirembe ilijaa jikoni, chumbani na katika nguo ndogo za Pearl zilizokuwa kambani. Matangani wanawake walianza kunong'ona, na minong'ono ikageuka kuwa maneno ya wazi. Walisema mtoto ameuawa na uchafu wa Nyaruot, kwamba Mama Usafi asingelea ugonjwa kwake. Mmoja alimwambia Nyaruot usoni aondoke. Nyaruot alikuwa amebeba sinia la vikombe vya chai, hakujua aliweke wapi.

Ilikuwa rahisi kwa Mirembe kunyamaza. Angebaki na jina lake, na mwenzake angebeba lawama. Alimtazama rafiki yake, akaona yule yule aliyembeba Pearl mgongoni bila kuuliza, akashindwa kunyamaza.

"Muache yeye!" alipiga ukelele, akisimama. "Haikuwa maleria. Mugisha ndiye iliugua kwanza, mimi nikaficha. Mashuka nilifua, maji nikamwaga kwa khor, ikaenda kisimani. Mimi ndiye naua mtoto yangu. Musikunywe ile maji!"

Wale waliokuwa karibu naye walisogea mbali. Mugisha alijifunika uso kwa viganja. Nyaruot alimkodolea macho rafiki yake, kana kwamba maneno yale yalimfikia moja moja. Kisha sinia likamponyoka. Hakumtukana wala hakulia. Aligeuka akakimbia kuelekea nyumbani kwake, ambako alikuwa amewaacha wanawe wawili na mtungi uliojaa maji ya kisima, na wote waliobaki walisikia akiwaita kwa majina, tena na tena, kabla hajafika mlangoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua.