Rakaa Nne Ndani ya Ukungu

Ndugu zangu katika imani, sogeeni mbele, acheni kuegemea nguzo. Leo nawapigia mfano wa mtu aliyepotelewa na kibla. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo baada ya swala asinifuate mtu kuniuliza huyo ni nani na anakaa mtaa gani.

Kulikuwa na bwana mmoja mlevi, lakini mlevi wa kutubu. Kila akinywa analia, anaoga, anaonekana msikitini wiki mbili tatu, kisha utamsikia tena anaimba njiani. Mkewe alivumilia, akavumilia, mwisho akafunga nguo zake akarudi kwao milimani. Nyumba ikawa haikaliki. Bwana akamwendea kaka wa yule mke, akamwambia, "Shemeji, nipeleke kwenu nikamwombe radhi. Safari hii nimetubu kweli. Ila nakwambia, hii ndiyo ya mwisho. Kutubu kila siku kunanitia haya mbele ya Mungu. Ikiharibika hii, sirudi tena, liwalo na liwe."

Wakapanda mlima kwa miguu. Safari fupi, si ya kupunguza swala. Katikati ya njia ukashuka ukungu. Nyinyi wa pwani ukungu mnausikia redioni tu. Ule wa milimani unanyoosha mkono usivione vidole vyako. Alasiri inakatika, jua halionekani, nyumba hakuna, wa kumuuliza hakuna. Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, si simu ina kibla? Simu zao zilizima chaji, baba, niachie mfano wangu!

Shemeji akatandika koti lake, Allahu Akbar, akasimama imara kama mlingoti. Bwana akabaki anazunguka. "Shemeji, una hakika ni huko?" Mwenziwe keshaingia kwenye swala, hajibu. Akatazama huku na huku, akaona weupe kidogo upande mmoja. Akasema, huo ni mwanga wa jua linalokwenda kutua. Nikiuweka begani kushoto, kibla kitakuwa mbele yangu. Akahirimia swala yake peke yake. Rakaa ya kwanza hata hajaimaliza vizuri, weupe ukazimika, ukatokea mgongoni. Afanye nini? Aivunje? Aendelee tu? Akageuka humohumo, akaendelea. Rakaa ya pili weupe ukahama. Akageuka. Ya tatu hivyohivyo. Jamani, rakaa nne kaelekea pande nne! Na kila akigeuka, moyoni anasema, nimekosea, ewe Mola, nilidhani ni huku.

Akatoa salamu machozi yanamtiririka. Shemeji alikuwa amemaliza zamani, kashika mbavu.

"Wewe ulikuwa unasali au unacheza ngoma?"

"Hata swala imenishinda," bwana akasema. "Naona Mungu mwenyewe hataki nimwelekee. Twende nikampe dada yako talaka yake, nami nirudi zangu kilabuni."

Mnaona mtu alipofika? Alipanda mlima kwenda kumwomba mke arudi, sasa anakwenda kumwacha, na sababu ni swala! Kichwa chake kimevurugika kuliko huo ukungu.

Wakafika. Mke akatoka mlangoni na taa. Shemeji hata maji hajanywa, akaanza, "Dada, njoo usikie vituko! Mumeo leo kasali kama pia inavyozunguka." Akasimulia yote, watu wa nyumba ile wakacheka mpaka wakakaa chini. Mke hakucheka. Alikuwa mwanamke aliyesoma chuo cha dini, na ndiye aliyewafundisha wanawake wa pale mambo ya swala. Akamtazama kaka yake.

"Na wewe kibla ulikijuaje?"

"Sikukijua. Nilisimama pale pasipo na tope."

"Hukutafuta hata dalili moja?"

"Nitafute nini kwenye ukungu ule?"

"Basi huna swala, kaka. Maji yamo ndooni, katawadhe ulipe alasiri yako."

Akamgeukia mumewe. "Yako wewe imesihi, ni swala kamili."

Bwana akadhani anafanyiwa stihizai, anadhihakiwa. "Imesihi vipi, na mimi nimegeuka kila upande?"

"Uligeuka kwa nini?"

"Kila nilipoona nimekosea."

"Ndiyo maana imesihi. Na usianze kufurahi. Sijasema nimekusamehe. Nimesema swala yako imesihi. Ingia ule, mengine kesho mbele ya wazee."

Subhanallah! Mimi mwenyewe siku niliyoisoma hukumu hii nilichanganyikiwa. Wanazuoni wetu wanasema aliyejitahidi kutafuta, akasali rakaa nne pande nne kwa kuwa kila mara jitihada yake ilimwonyesha upande mwingine, swala yake ni swala. Na aliyesimama bila kutafuta, hata asitikisike, hana kitu. Tungekuwepo pale, tungemsifu nani? Si tungemsifu mlingoti?

Sasa tujiulize sisi. Ni nani hapa hajawahi kusema, nimeshatubu mara nyingi, naona haya kurudi tena? Haya hiyo umeipata wapi? Ulipokwenda kilabuni mara ya hamsini hukuiona. Uliposengenya jana, na juzi, haikukushika. Inakushika mlangoni kwa Mola wako tu! Huyo ni shetani, ndugu yangu, anakuzuia usiingie kwenu.

Wala asitoke mtu hapa akatangaza kwamba shehe karuhusu ulevi. Yule bwana hakugeuka kwa mchezo. Kila alipogeuka aliuacha upande wa kwanza kwa moyo wake wote, akajuta, akakusudia asiurudie. Akikosea tena, anaanza upya. Hiyo ndiyo toba, haina mara ya mwisho maadamu unavuta pumzi.

Kwa hiyo tusingoje Ramadhani, tusingoje uzee, tusingoje mpaka tujione tumetakata. Wewe unayenisikiliza umeinamisha kichwa, unajua ni jambo gani umelielekea tangu asubuhi. Ukishajua kwamba siko huko kibla kiliko, usiseme ngoja nimalizie hii rakaa. Geuka hapo hapo ulipo.