Kipande cha Filomena

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake kila mtoto wa shule anaijua: anayetaka kupata jambo hana budi kukubali taabu na kushusha kiburi chake. Lakini wapo watu, hasa wenye vyeo vidogo, wanaoipenda methali hii kwa ajili ya migongo ya wenzao tu. Mfaume, balozi wa nyumba kumi kule Tegeta, alikuwa mmoja wao. Hakuna mkutano alioufungua bila kuitamka, na kila alipoitamka alikuwa ameketi kitini.

Enzi hizo, mwaka wa kumi na moja baada ya Uhuru, Tegeta ilikuwa bado haijaamua kama ni shamba au ni mji. Upande huu mihogo na mikorosho, upande ule nyumba mpya za udongo zikiota kila mwezi kando ya barabara ya Bagamoyo. Watu walikuja kutoka Newala, Masasi na Rufiji, na wengine walitoka Kariakoo kwenyewe baada ya kuchoshwa na kodi za vyumba. Hata wakubwa wa mjini walianza kupita siku za Jumapili, wakinyoosha vidole kwenye viwanja vilivyoelekea baharini. Kilichokosekana ni maji. Visima vilitoa maji ya chumvi yasiyoivisha hata maharage, na wanawake walikwenda mwendo wa saa nzima kutafuta debe moja la maji matamu.

Ndipo serikali ikasema bomba litaletwa, ila mtaro wananchi wauchimbe wenyewe. Ndiyo kujitegemea. Kila nyumba ilipewa kipande cha hatua ishirini, kina cha kufika kiunoni. Mkutano wa kijiji ukakata shauri kwamba nyumba itakayomaliza kipande chake itaandikwa kwenye daftari la viwanja, na atakayeandikwa ndiye mwenye kiwanja. Nyumba isiyomaliza itawapisha wengine.

Filomena alikuwa mjane wa Gregori, mchoma chokaa. Kwa miaka tisa alikuwa akiishi katika nyumba ambayo kuta zake alizikandika kwa viganja vyake mwenyewe. Gregori alikufa kwa kifua, na hata arobaini haijaisha, ndugu yake Kornelio, mchonga vinyago, akaanza kuja kila wiki kumuuliza Filomena kama hajakumbuka kwao Newala. Kumbe bwana huyo alikwishapata mnunuzi wa kiwanja, mtu wa mjini mwenye gari. Naye Mfaume aliahidiwa chake, maana siku hizo yeye na Kornelio walikuwa wakila sahani moja. Ilibaki tu huyo mama aondoke.

Siku ya kugawa vipande, Filomena alipewa mahali ambapo mwamba wa matumbawe ulitokeza juu ya ardhi kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Wengine wote walipata mchanga na udongo. Mfaume akasema kwa sauti ya upole kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kama mama huyu anaona mgongo wake hauwezi, basi shemeji yake yupo. Watu wengine walicheka chinichini. Mahfudha, mke wa Muhdhar mwenye duka, hakucheka. Alimfuata Filomena, shoga yake, nyumbani akamwambia wazi kwamba kile alichopewa si kipande, ni barua ya kumfukuza. Filomena akajibu kuwa barua za namna hiyo hajui kuzisoma.

Alijifunga kibwebwe. Siku ya kwanza alipiga sururu mpaka mpini ukapasuka, na mwamba ukatoa vumbi la kujaza kikombe. Siku ya pili vilevile. Wapita njia walimpa pole, na Kornelio akaja kusimama kivulini, akisikitika kwa maneno mengi. Alimwambia shemeji asijiue bure, nyumba ni udongo tu. Filomena akainua sururu tena. Alikuwa akimfikiria Gregori, si kwa huzuni, bali kwa hasira ya kujiona mjinga. Miaka tisa alikuwa amelisha tanuri la yule mwanamume, tena akiyaona mawe haya haya yakiingia magumu na kutoka laini, halafu leo anashindana nayo kwa mabavu!

Kesho yake alikusanya magogo, makumbi na vifuu vya nazi, akavipanga juu ya mwamba jinsi vinavyopangwa kwenye tanuri, akatia moto asubuhi. Moto ukaula mwamba mchana kutwa. Jua lilipopunga, akaumwagia madebe ya maji ya bahari. Mwamba ukalia, ukatoa moshi mweupe, ukapasuka. Mtaimbo wake ukaingia, na akang'oa mawe kina cha vidole vinne. Vidole vinne ni vichache, lakini akarudia kesho, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Chokaa ilimchoma macho, viganja vikababuka, usingizi ukawa wa ubavu mmoja. Mahfudha alimletea maji ya kunywa, na alipoona balozi anapita, alimwuliza kwa adabu zote kama lile kundi la kucheka limekwenda wapi. Siku ya arobaini na moja Filomena alisimama ndani ya mtaro wake, na ukingo ukamfika kiunoni kutoka mwanzo hadi mwisho.

Lori la mabomba likaja Jumatatu asubuhi na Sadallah, fundi wa maji kutoka mjini. Alipita na fimbo yake akipima vipande vyote, akaridhika, ila alipofika kwenye ule wa mwamba akasimama na kuuliza ni nani aliyeuchimba. Alipoonyeshwa, alimpa Filomena mkono. Kisha akatangaza kwamba lori linatakiwa Mbagala kesho yake, kwa hiyo mabomba yalazwe siku hiyo hiyo. Wasipowahi, Tegeta itasubiri zamu nyingine, na zamu hiyo yeye haijui ni ya mwaka gani.

Mfaume akafungua daftari ili asome majina kwanza, maana alipenda kusikilizwa. Akasoma nyumba moja baada ya nyingine, watu wakipiga makofi. Alipofika nyumba ya marehemu Gregori, akasoma jina la Kornelio.

Filomena akauliza kama amesikia sawasawa. Mfaume akamweleza, taratibu kama anayembembeleza mtoto, kwamba daftari linataka mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya ni mwanamume. Kazi yake imeonekana na Mungu atamlipa. Shemeji atamtunza. Kornelio akatazama pembeni. Filomena alihisi hasira ikimpanda hata akaona kiza. Siku arobaini na moja za moto, kisha jina la mtu aliyekuwa amesimama kivulini! Kwenye mikutano walikuwa wakiimbiwa kwamba binadamu wote ni sawa, kumbe usawa huo ulikuwa unaishia mlangoni pa daftari.

Filomena alivua kandambili zake, akashuka katika mtaro wake, akaketi chini kabisa, mgongo kwenye mwamba.

Sadallah alimsogelea akamwambia kwa heshima kwamba bomba lazima lipite hapo.

"Litapita, baba," Filomena akasema. "Likishaandikwa jina langu."

Mfaume akatishia kuita mgambo. Akawaamuru vijana wamtoe. Kabla hawajajongea, Mahfudha alikusanya buibui lake akashuka mtaroni, akaketi karibu na shoga yake. Muhdhar, mumewe, akakunja mikono kifuani na kuwatazama wale vijana mmoja mmoja. Akashuka mwanamke wa tatu na mtoto mgongoni, kisha wa nne na wa tano. Nani angethubutu kumshika mke wa mwenzake mbele za watu? Sadallah akatazama saa yake, akasema saa nne imepita. Ndipo wanaume nao wakaanza kunung'unika, wakimwuliza balozi kama yuko tayari kuwaeleza watoto wao kwa nini wataendelea kunywa chumvi.

Jasho lilimtoka Mfaume. Akatangaza kwamba basi, yaishe, ataandika, mama apande juu aje aone.

"Mie sipandi," Filomena akasema kutoka chini. "Unautaka mtaro, Balozi, na mtaro ninao mie huku. Njoo na daftari lako. Inama uandike, nami nione."

Mfaume alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia, hata Kornelio akawa hayupo. Akainuka kitini. Akaja hadi ukingoni, akapiga magoti ya kanzu nyeupe kwenye vumbi la chokaa, akainama mpaka kofia ikamdondoka, na daftari akaliteremsha mtaroni. Akaandika. Filomena, aliyekuwa amejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, akaweka kidole juu ya karatasi akafuata herufi moja moja.

"Umeandika mjane wa Gregori," akasema. "Hilo si jina. Futa. Andika Filomena Alfonsi, jina alilonipa baba yangu."

Balozi akafuta, akaandika upya, kiuno chake kikiwa bado kimekunjwa na watu mia mbili wakimtazama. Filomena akalisoma mara mbili. Aliporidhika, akampa Mahfudha mkono, wakapanda juu wote, na mabomba yakashuka kwenye lori.

Mwisho wa wiki ile maji yalitoka Tegeta. Kwenye mkutano uliofuata Mfaume alifungua kikao bila methali, na mzee mmoja akamwuliza kama ameisahau. Ukumbi mzima ulimjibia kwa kicheko, kwa kuwa sasa kila mmoja alikuwa na ushahidi wa macho: awe mjane mwenye mtaimbo, awe balozi mwenye daftari, mtaka cha mvunguni sharti ainame.