Paja Lisilouma

Kaeni, wapendwa. Leo sina maneno ya kuwafurahisha, na sitajifanya ninayo.

Kulikuwa na binti mmoja, mkimbiaji wa mbio za nyika. Alikuwa amechaguliwa kuuwakilisha mkoa wake, na mama yake alishalitangazia soko zima. Zikiwa zimebaki wiki sita, goti la kulia likaanza kumuuma. Akipanda mlima linauma, akishuka ndiyo balaa. Akalipaka dawa ya kuchua, akalifunga bandeji. Lilipozidi, akaongeza bandeji ya pili. Si ndivyo tunavyofanya?

Mwalimu wake akampeleka hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yule baba wala hakuligusa goti. Alisema, "Vua viatu, binti yangu. Simama kwa mguu huo mmoja, halafu fumba macho."

Binti akasimama. Kabla ya kuhesabu hata nne akayumba, akashika ukuta. Mtu anayekimbia kilomita kumi bila kupumzika, leo kusimama tu kumemshinda!

Mtaalamu akambonyeza paja, juu kidogo ya goti. "Shida iko hapa. Msuli huu umelala. Ukikanyaga, unachelewa kushika, na mzigo wote unalielemea goti."

"Lakini paja haliniumi, dokta. Kinachouma ni goti."

"Litaumaje? Halifanyi kazi."

Akampa zoezi: kila asubuhi apande na kushuka kizingiti, polepole, kwa mguu uleule, na asikimbie mpaka paja liamke. Binti akafanya siku tatu. Wenzake kambini wakamcheka, "Dada, ndiyo unajifunza kutembea?" Aibu ikamshika. Akarudi kwenye bandeji zake.

Siku ya mbio alikuwa wa pili mpaka mteremko wa mwisho. Hapo goti likageuka, akaanguka, asiinuke tena. Mama yake alikuwa anamsubiri pale wanapomalizia, ameshika kitambaa cha kumfuta jasho.

Mtaalamu alipokwenda kumwona wodini, alimkuta analipiga goti lile ngumi huku analia. "Limenisaliti! Goti hili limenisaliti!"

"Usilipige, binti yangu," akamwambia. "Katika mguu wako mzima, hilo peke yake ndilo lililokuambia ukweli."

Binti yule anachechemea mpaka leo, wala hakukimbia tena.

Sasa, wapendwa, tumtazame mama yetu wa huduma ya wagonjwa. Miaka tisa amezunguka nyumba kwa nyumba, anawaogesha watu ambao hata ndugu zao wamewakimbia. Mara tatu alisimama hapa mbele akasema, "Jamani, nimelemewa." Sisi tulifanya nini? Tulimvisha kitenge kipya, tukapiga vigelegele. Mwaka uliofuata tukamvisha kingine. Zile zilikuwa bandeji, jamani! Na mimi mchungaji wenu ndiye niliyemfunga, kwa mikono yangu hii. Inaniuma kulisema.

Jumatano alianguka mlangoni kwa mgonjwa, ndoo ya maji ikiwa mkononi. Upande mmoja umepooza, na maneno hayatoki. Halafu nimesikia mnanong'ona hapo nje kwamba siku hizi alikuwa amezidi kulalamika. Mnalipiga goti ngumi!

Tangu Jumatano nimekaa pale kitandani kwake. Nimeangalia mlango siku zote hizo, na hakuna hata mmoja wenu aliyeingia. Mngeingiaje? Kutembelea wagonjwa ilikuwa kazi yake.

Nikiuliza asubuhi hii ni nani kati yetu anayeumwa, najua hautainuka mkono hata mmoja. Sote tu wazima. Hata lile paja halikuuma.